Kamera: Tusinunue kiwiliwili tukasahau jicho

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga wetu. Methali hii humkejeli mvivu ambaye kila apewapo zana huitia dosari, mara mpini ni mfupi, mara bapa limechakaa, hadi mvua za masika zikapita naye yungali ghalani akichagua. Hata hivyo, sidhani kwamba wahenga walikusudia tuingie madukani tukiwa tumefumba macho. Mkulima hodari huujua kwanza udongo atakaoulima, kisha akashika jembe linaloufaa. Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya swali ambalo siku hizi huulizwa mara kwa mara na walimu wanaosimamia vyama vya uanahabari shuleni, na wanafunzi wa vyuo walioingiwa na mapenzi ya kupiga picha: je, ni kamera gani ya dijitali inayostahili fedha zetu?

Swali hili si la mzaha. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kamera huenda ikawa kitu cha thamani kubwa kuliko vyote alivyowahi kununua maishani. Kwa shule, fedha hizo ni jasho la wazazi, na mwalimu atatakiwa kuzitolea hesabu. Wapo vijana wanaokopa kwa simu ili wanunue kamera mpya, wakitumaini kulipa kwa picha za arusi na mahafali, kumbe deni linakua upesi kuliko umaarufu wao. Uteuzi mbaya waweza kumtia mtu minyororoni miaka kadhaa, na pengine kumkatisha tamaa kabisa na fani aliyokuwa na kipawa nayo.

Msomaji ataniuliza, mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu kamera? Kwanza, kazi yetu ya nyanjani hutulazimu kuibeba: tunapiga picha miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na tunarekodi wazee wakizungumza lugha ambazo wajukuu wao hawazisemi tena. Pili, na hili ndilo kubwa, biashara ya kamera ni biashara ya maneno na tarakimu. Asiyeyapima maneno hayo kwa mizani ya maana hutozwa kwa masikio yake.

Tuanze na jina lenyewe. Wauzaji huigawa kamera katika sehemu mbili: lenzi, na ile sehemu nyingine ambayo Waingereza huiita mwili. Kiswahili kina neno faafu zaidi, nalo ni kiwiliwili, yaani mwili uliobaki baada ya kuondoa kichwa, mikono na miguu. Hakuna aonaye kwa kiwiliwili. Jicho la kamera ni lenzi. Ndani ya kiwiliwili mna kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Mna shata, ambayo ni kijipazia kinachofunguka na kufungwa kwa kasi. Na mna ubongo wa kielektroniki unaoviongoza vyote viwili. Vyote hivi vina umuhimu wake, lakini vina umri mfupi sokoni kuliko lenzi, na hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

Enzi za ukanda wa filamu, kiwiliwili kilikuwa aghalabu sanduku la giza lenye shata. Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa akiwa kazini huko Biafra mwaka 1968, na Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia mwaka 1984, walikomaa katika enzi hiyo. Filamu bora zaidi ilipotengenezwa, mpiga picha aliitia katika kamera ile ile ya zamani, nayo ikawa kana kwamba imezaliwa upya. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani aliunda kamera ya dijitali iliyokuwa na uzito wa takriban kilo 3.6, ambayo ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja yenye nukta 10,000 tu. Uvumbuzi huo hatimaye uliigeuza biashara nzima, na Kodak yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mnamo Januari 2012. Kwa mnunuzi, jambo lililobadilika ni hili: katika kamera ya dijitali, filamu imepigiliwa ndani ya kiwiliwili. Kihisi bora kikitokea kesho, hukitii katika kamera ya jana. Ndiyo sababu thamani ya kiwiliwili huporomoka ilhali lenzi nzuri hushuka bei kwa mwendo wa kobe.

Tuangalie mifano. Mwaka 2003 Canon iliuza EOS 300D, yenye megapikseli 6.3, kwa dola 899 za Marekani bila lenzi, na watu wakashangilia kwamba kamera ya aina hiyo imeshuka chini ya dola 1,000 kwa mara ya kwanza. Leo ni nadra kuiona mkononi mwa mtu. EOS 5D Mark III ilipotoka mwaka 2012 iligharimu dola 3,499. Sasa hupatikana kwa wauzaji wa mitumba kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, ijapokuwa picha zake ni zile zile zilizochapishwa na magazeti makubwa ya dunia. Kwa upande wa pili, Canon ilianzisha lenzi za aina ya EF mwaka 1987, na lenzi hizo, kwa msaada wa kiunganishi, hufanya kazi hata katika kamera zake za aina ya RF zilizoanza mwaka 2018. Nikon ilianzisha shingo yake ya F, yaani pale lenzi inapochomekwa, mwaka 1959. Kamera yake ya D780 iliyotoka mwaka 2020 bado ina shingo hiyo hiyo. Viwiliwili huja na kwenda, macho hubaki.

Sasa tuzipime tarakimu za wauzaji. Tarakimu inayoimbwa kuliko zote ni ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Ukurasa wa A4 unaochapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, ambacho ni kiwango cha majarida bora, huhitaji nukta 3,508 kwa 2,480. Zidisha, utapata megapikseli 8.7. Kioo cha televisheni cha aina ya 4K huonyesha megapikseli 8.3. Kwa hivyo jarida la shule, kalenda ya mahafali na picha ya ukutani sebuleni vyote hutoshelezwa na kamera yenye megapikseli 12. Aidha, idadi hii hudanganya jicho la asiyekokotoa. Atokaye kwenye megapikseli 12 kwenda 24 hudhani picha yake imekuwa kubwa maradufu. La hasha! Nikon D700 ya mwaka 2008 hutoa picha yenye upana wa nukta 4,256, na kamera ya kawaida ya megapikseli 24 hutoa upana wa nukta 6,000. Ongezeko la upana ni asilimia 41 tu. Megapikseli 24 zatosha na kusaza, na zimekuwa jambo la kawaida kwa zaidi ya miaka 10. Anayekutoza fedha za ziada ili upate 45 hana budi kukueleza utazichapisha wapi.

Neno la pili lenye hila ni fremu kamili. Kivumishi kamili kina ukali wake, kwani kikitumiwa kwa kitu kimoja hukifanya kingine kionekane kipungufu. Ukweli ni kwamba kipimo kinachoitwa kamili, milimita 36 kwa 24, ni kipimo tu cha ukanda wa filamu ulioenezwa na kamera za Leica kuanzia mwaka 1925. Kamera za Fujifilm za aina ya GFX zina kihisi cha milimita 44 kwa 33. Je, hizo tuziite kamili kupita kamili? Kihisi cha daraja la APS-C katika kamera za Nikon, Sony na Fujifilm kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na kile cha Micro Four Thirds kina 17.3 kwa 13. Ni kweli kwamba kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na faida hiyo huonekana usiku, ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, au kanisani. Lakini kihisi kikubwa hudai lenzi kubwa, nzito na ghali. Anayepiga picha za michezo ya shule alasiri uwanjani hatapoteza kitu akitumia APS-C.

Hila ya tatu imo katika neno mpya. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Nikon D7200 ilitoka mwaka 2015 ikiwa na megapikseli 24.2 na nafasi mbili za kadi, hivi kwamba kadi moja ikiharibika picha zimesalia katika ya pili. Mrithi wake, D7500, alitoka mwaka 2017 akiwa na megapikseli 20.9 na nafasi moja ya kadi. Ni kweli D7500 ina kasi zaidi na hurekodi video za 4K, lakini kwa mpiga picha wa arusi anayeogopa kupoteza picha za bibi arusi, kamera ya zamani ndiyo yenye usalama zaidi. Vivyo hivyo, D3300 ya mwaka 2014 ilikuwa na tundu la kuchomekea maikrofoni. D3400 iliyoifuata mwaka 2016 haina. Shule inayotaka kuandaa filamu fupi kwa ajili ya tamasha za drama na filamu, ikinunua ile mpya kwa kuwa ni mpya, itajikuta na sauti duni isiyo na tiba rahisi. Kuna pia hatari ya kuwa wa kwanza. Nikon D600 ilitoka Septemba 2012, na baada ya muda mfupi wanunuzi wengi wakalalamikia madoa yaliyokuwa yakijikusanya juu ya kihisi. D610 ikaja Oktoba 2013, na mwaka 2014 Nikon ikatangaza kuzikagua na kuzitengeneza zile za awali bila malipo. Waliosubiri mwaka mmoja hawakupatwa na adha hiyo.

Baada ya kuyachuja maneno, tufike kwenye uamuzi. Naushauri uanze na shingo, kwa kuwa kununua kiwiliwili ni kuoa katika ukoo wa lenzi. Uliza: marafiki zangu, chuo changu au shule yangu ina lenzi za aina gani ambazo naweza kuazima? Ni lenzi zipi za mitumba zinazopatikana kwa wingi katika mji wangu? Katika jambo hili lenzi za EF za Canon na za F za Nikon zina neema, kwa sababu zimetengenezwa kwa miongo mingi. Lakini ukoo nao una siri zake. Viwiliwili vya Nikon vya madaraja ya D3000 na D5000 havina mota ya kuzungusha lenzi za zamani za AF na AF-D, kwa hivyo lenzi hizo hazitajilenga zenyewe. Utalazimika kuzilenga kwa mkono. Madaraja ya D7000 yana mota hiyo. Aliyeokoa fedha kwenye kiwiliwili bila kulijua hili atazilipa mara mbili kwenye lenzi.

Sasa tazama kinachopatikana fedha zikielekezwa kwenye jicho. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho wake hufungua tundu la mwanga la f/5.6. Lenzi ndogo isiyovutwa ya milimita 50, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika koo kadhaa, hufungua hadi f/1.8. Kwa hesabu ya mwanga, hiyo ni takriban mara 10 zaidi. Hakuna kiwiliwili kipya kitakachokupa nafuu kubwa kama hiyo gizani kwa gharama ndogo kama hiyo. Mwanafunzi mwenye kamera ya miaka 10 iliyopita na lenzi hiyo atampiku mwenzake mwenye kamera ya mwaka huu na lenzi ya sandukuni, hasa pale ukumbini taa zinapopunguzwa.

Sisemi kwamba vipya vyote ni hadaa. Kamera zisizo na kioo ndani, ambazo zimechukua nafasi ya zile za kioo katika mipango ya kampuni kubwa, zina faida za kweli. Nyingi za karibuni hulitambua jicho la mtu na kulifuata hata akikimbia. Baadhi yake, kama vile Nikon Z5 ya mwaka 2020, zina kifaa cha ndani cha kutuliza mtikisiko wa mkono, pamoja na nafasi mbili za kadi na megapikseli 24.3. Anayejipatia riziki kwa video, au anayepiga wanariadha na ndege warukao, ana haki ya kuzitamani. Naye asiye na lenzi hata moja, na anayekusudia kubaki katika fani kwa miaka 15, afikirie kuingia moja kwa moja katika ukoo mpya. Muhimu ni kwamba sababu itoke shambani kwake, isitoke mdomoni mwa muuzaji.

Kwa wale wanaotaka majina, haya ndiyo maoni yangu kuhusu viwiliwili vya mitumba. Chama cha uanahabari cha shule kinachohitaji picha na video kitafute Canon EOS 80D ya mwaka 2016: ina megapikseli 24.2, kioo kinachogeuka, tundu la maikrofoni na la kusikilizia. Anayehitaji picha tu, kwa uimara na usalama wa kadi mbili, ashike Nikon D7200. Anayepiga sherehe za usiku aangalie Nikon D750 ya mwaka 2014 au ile 5D Mark III niliyoitaja. Mtafiti anayetembea kwa miguu vijijini atapendezwa na Sony a6000 ya mwaka 2014, yenye uzito wa gramu 344 pamoja na betri, ila akumbuke kwamba haina tundu la maikrofoni.

Mtumba una masharti yake. Uliza shata imefunguka mara ngapi: kamera nyingi za daraja la chini hupimwa kiwandani kwa mara 100,000 hivi, na za daraja la kati kwa 150,000. Anayepiga picha 1,000 katika kila arusi atazimaliza 100,000 kwa arusi 100. Piga picha ya ukuta mweupe ukiwa umebana tundu la mwanga hadi f/16, kisha ikuze uone kama kihisi kina madoa. Mulika lenzi kwa tochi utafute ukungu, ambao hustawi katika joto na unyevu wa pwani. Ikague betri isiwe imevimba. Jaribu kila kitufe, kila tundu na kila nafasi ya kadi. Mwisho, dai stakabadhi na ulinganishe nambari iliyochongwa chini ya kamera; kamera isiyo na historia huenda ina mwenyewe anayeililia, na sheria ya Kenya huhesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa la jinai.

Kuhusu mgao wa fedha, kanuni yangu ni nyepesi: kiwiliwili kisipite nusu ya fedha zote. Nusu ya pili iende kwenye lenzi, betri ya akiba, kadi mbili, mkoba na diski ya kuhifadhia picha. Kama fedha hazitoshi kwa mgao huo, shuka daraja la kiwiliwili, usilipunguze jicho. Na kama itakubidi kukopa ili ununue, basi kamera hiyo bado si yako.

Wapo watakaosema kwamba simu inatosha. Kwa picha ya mchana ya kutumiwa rafiki, naam, inatosha. Lakini mwanafunzi ajifunzaye kwa simu huachiwa maamuzi machache mno. Simu humwamulia mwanga, kasi na kina. Kamera, hata kuukuu, humwachia maamuzi hayo ayafanye, akosee, arudie. Kwa mwalimu, hapo ndipo ilipo thamani ya chombo. Kamera ya miaka 10 inayoshikwa kwa zamu na wanafunzi 20 kila Ijumaa ina faida kuliko ya kisasa iliyofungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu isije ikaharibika.

Nayo methali yetu ibaki na ukali wake. Ujue udongo wako, chagua jembe mara moja kwa hesabu na kwa makini, kisha uchaguzi ukome. Mwaka ujao zitatoka kamera nyingine, na maneno mengine matamu yatatungwa kuzisifu. Wakati huo wewe uwe shambani, umeinama, unalima.